NANI AMLIPE MKULIMA WA KANDO YA PORI?

Mtu wa mjini akisikia neno dungu huenda asijue ni kitu gani. Dungu ni ulingo wa miti uliojengwa katikati ya shamba, una paa la nyasi na ngazi ya fito, na ndani yake hulala mtu. Nasema hulala, lakini halali. Hukaa macho usiku kucha na debe bovu mkononi na kijinga cha moto kando yake, akisikiliza. Mchana watoto huamia ndege na kufukuza nyani. Usiku baba na mama hushika zamu juu ya nguruwe, viboko na tembo. Kazi hiyo huanza mahindi yanapotoa mbelewele, na haimaliziki mpaka gunia la mwisho limeingia nyumbani. Hailipwi mshahara, haina likizo, na sijapata kuiona imeandikwa katika hesabu yoyote ya kilimo.

Mjomba wangu analima kando ya pori katika wilaya moja ya kusini. Mwaka mmoja nilikwenda kumwamkia, nikamkuta ameketi juu ya kinu mlangoni, jembe limelala chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Wageni wamekula kabla yako."

Wageni aliowasema walikuwa tembo. Waliingia usiku wa kuamkia siku ile, wakala ekari tatu, na walichoacha kukila walikikanyaga. Mjomba alipiga debe mpaka likatoboka. Kulipokucha alikwenda kuandikisha madai yake, akaambiwa asubiri wapimaji. Wapimaji walikuja siku nyingi baadaye, mvua zimekwisha fukia nyayo na magugu yameota penye mahindi. Wakapima, wakaandika, wakaenda. Fedha zilipofika, msimu mwingine ulikuwa umelimwa, umepaliliwa na umevunwa. Alipewa shilingi 75,000. Akamwuliza karani, "Hizi zinaitwaje?" Karani akajibu kwa adabu, "Ni kifuta jasho, mzee." Mjomba akasema, "Basi nifutie hili la leo la kuja hapa kwa miguu. Lile la mwaka jana lilikwisha kauka lenyewe."

Sasa tutazame sheria, maana si haki kumlaumu karani kwa jambo lililoandikwa na wakubwa zake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyama wote ni mali ya umma, nao wamewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ni maneno mazuri, wala hatuna ugomvi nayo. Kanuni za mwaka 2011 zilizofuata ndizo zilizoweka viwango: shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari, kwa kadiri ya umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na malipo yasipite ekari 5. Mtu akiuawa na mnyama, wafiwa wapewe shilingi 1,000,000, na hiyo ikaitwa kifuta machozi.

Yafaa tuyatazame majina haya. Walioandika kanuni hawakukosea neno. Hawakusema fidia. Fidia ni deni, na mwenye deni hudaiwa. Kifuta jasho ni hisani. Na mtu apewaye hisani hupokea kilichopo, hushukuru, huenda zake. Mkulima hodari, mvua ikinyesha vema, hupata gunia kumi za mahindi katika ekari moja. Ukizigawa zile shilingi 25,000 kwa gunia kumi, kila gunia limefutiwa jasho kwa shilingi 2,500. Fedha hizo zitanunua gunia tupu, lakini mahindi ya kulijaza hazinunui. Viwango vya namna hii vyaweza kupandishwa leo na kupandishwa tena kesho. Lakini maadamu jina ni hisani, mkulima atabaki mwombaji mlangoni.

Watu wengine watatujibu: serikali itoe wapi fedha za kulipa kila suke lililoliwa? Na wengine, hasa wageni wapenda wanyama, watatuambia kwamba wanyama walikuwapo kabla ya mkulima, kwa hiyo mkulima avumilie. Majibu haya mawili yamezoeleka hata yanaonekana kama ndiyo elimu yenyewe ya mambo ya wanyamapori. Watu hufikiri sheria za kuwinda ni elimu tuliyoletewa na Wazungu, na kwamba Mzungu kwao hufanya vivyo hivyo. Basi hebu twende kwao tukaone.

Mwanzo wa marufuku za kuwinda katika nchi yetu ni Mdachi. Mwezi Mei 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitia sahihi amri ya kuwinda kwa vibali, na kwa amri hiyo akatenga maeneo mawili ya kuhifadhi wanyama, moja upande wa Rufiji na la pili magharibi ya Kilimanjaro. Lile la Rufiji ndilo shina la pori kubwa ambalo Mwingereza baadaye aliliita Selous, kwa jina la mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Wenyeji wao waliliita Shamba la Bibi. Tangu amri hizo mtu mweusi aliyewinda kwa mtego, kwa wavu au kwa moto, kama walivyowinda babu zake, alianza kuitwa mharibifu. Na Mzungu aliyewinda kwa bunduki na kibali akaitwa mwanamichezo.

Matokeo yake yalikuwa nini mashambani? Pwani na bara yake, watu walikuwa wakikusanyika kijiji kizima, wakatandaza nyavu, wakasaka nguruwe na wanyama wengine walioharibu mashamba. Msako ule ulikuwa ulinzi wa chakula kabla haujawa kitoweo. Na katika sehemu za Waislamu nguruwe hata haliwi, waliuawa tu ili mhogo na mahindi vipone. Uwindaji ule ulipobanwa, na wanaume wakachukuliwa kwenda kazi za shokoa katika mashamba ya pamba, wanawake wakaachiwa mashamba na nguruwe. Wanahistoria wamekwisha andika kwamba njaa na uharibifu wa nguruwe vilikuwa miongoni mwa machungu yaliyokuwapo Uzaramo vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Sisemi kwamba watu walipigana kwa ajili ya nguruwe. Nasema mtu aliyenyang'anywa hata njia ya kulinda chakula chake ana sababu moja zaidi ya kukasirika.

Sasa tazama kwao. Zamani huko Ujerumani kuwinda ilikuwa haki ya masultani na makabaila. Kulikuwa na wale kulungu wakubwa wenye pembe za matawi, ambao wafasiri wa Biblia yetu waliwaita ayala, na nguruwe wa porini, na wote walikula mashamba ya wakulima maskini, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kuwagusa, maana walikuwa mali ya bwana. Bwana alipokuja kuwinda, farasi na mbwa wake walipita katika ngano. Wakulima walivumilia miaka mingi. Halafu yakaja mapinduzi ya mwaka 1848, na moja katika mambo waliyoyapata ni hilo: haki ya kabaila ya kuwinda katika ardhi ya mtu mwingine ilifutwa, na haki ya kuwinda ikafungwa na ardhi yenyewe. Kitabu kikuu cha sheria za madai cha Ujerumani, kilichoanza kutumika mwaka 1900, kilikuwa na kifungu cha kumlipa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama wa kuwindwa.

Soma miaka hiyo tena, ndugu yangu. Mwaka 1896, Gavana alipotia sahihi amri ya kutufunga mikono sisi, mkulima wa kwao alikuwa amekwisha funguliwa mikono yake karibu miaka hamsini. Mwaka 1905, wazee wetu walipouawa, kule mkulima alikuwa na kifungu cha sheria cha kudai thamani ya ngano yake. Kwa hiyo si kweli kwamba tuliletewa sheria ya Kijerumani. Tuliletewa nusu yake, ile ya kukataza. Nusu ya kulipa ilibaki nyumbani.

Na mpaka leo iko. Sheria yao ya Uwindaji ya mwaka 1952 inasema hivi kwa maneno yangu: wenye mashamba madogo madogo ya jirani huungana wakawa chama kimoja cha eneo la kuwinda, ambalo kwa kawaida halipungui hekta 150. Chama ndicho kinachomkodisha mwindaji haki ya kuwinda, na kodi hugawanywa kwa wenye ardhi. Kulungu au nguruwe wakila shamba la mwanachama, chama hulipa. Na kwa desturi mwindaji aliyekodi hujifunga katika mkataba kwamba atalipa yeye. Mkulima akigundua uharibifu, ana juma moja kupeleka madai, akichelewa amekosa. Na hasara haipimwi kwa hesabu ya jasho, bali kwa thamani ambayo mazao yangekuwa nayo wakati wa mavuno.

Kisha lipo jambo la pili ambalo naliona kubwa kuliko lile la fedha. Sheria hiyo huamuru pawepo mpango wa hesabu ya kulungu watakaopigwa, na mpango huo lazima ulinde haki ya wakulima na wenye misitu wasiharibiwe, na hapo hapo ulinde wanyama wasimalizike. Mwindaji haruhusiwi kufuga kundi kubwa kwa sababu tu anapenda pembe nzuri ukutani. Kundi likizidi, hasara inatoka mfukoni mwake, naye mwenyewe atakimbilia kulipunguza. Mkulima naye hakuachiwa mteremko: anaruhusiwa kuwafukuza wanyama shambani na kujenga ua, lakini akiharibu kwa makusudi kinga iliyowekwa na mwindaji, madai yake yameanguka. Kila mmoja ameshikwa mkono wake. Sisemi huko hakuna ugomvi, wenye misitu na wawindaji wao hugombana kila mwaka juu ya miche inayoliwa na kulungu. Lakini wanagombana watu wawili wenye haki, si mwombaji na bwana.

Najua jibu litakalokuja. Kulungu si tembo. Ni kweli. Kulungu hula pembeni ya shamba. Tembo humaliza shamba, na ukimkaribia hukuua. Kulungu wa Ulaya huzaa haraka, tembo hubeba mimba karibu miezi ishirini na miwili. Kwa hiyo siombi tuige jambo kama kasuku. Naomba tuone kanuni iliyo chini yake, nayo ni hii: anayepata faida kwa mnyama ndiye abebe hasara ya mnyama. Kwetu faida iko upande mmoja na hasara upande mwingine.

Mwingereza alipokuja alikuwa na dawa yake. Aliandika sheria yake ya wanyama mwaka 1921, akaanzisha idara, akamweka Bwana Nyama, na chini ya Bwana Nyama askari weusi wenye bunduki waliotumwa kupiga tembo walioingia mashambani. Wazee wanawakumbuka. Walipiga tembo wengi sana, maelfu na maelfu kwa miaka ile yote, na pembe zilikwenda serikalini. Mahali pengine serikali iliona ni rahisi zaidi kuwahamisha watu kuliko kuwafukuza tembo. Hivyo ndivyo sehemu za Liwale zilivyobaki pori baada ya watu wake kuondolewa katika miaka ya 1940, na pori la hifadhi likapanuka juu ya mashamba na makaburi yao. Mtu anayetazama ramani leo akasema eneo hilo lilikuwa la wanyama tangu uumbaji, na aulize kwanza.

Hata hivyo, sitaki kueleweka vibaya. Wako watu katika vilabu vya pombe wanaosema tembo wote wauawe, mashamba yapone, basi. Huo ni upumbavu, na ni upumbavu wa hatari. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitamka mbele ya dunia huko Arusha kwamba serikali ya wananchi itabeba dhamana ya kuhifadhi wanyama hawa kwa ajili ya wajukuu wetu. Ahadi ile haikuwa ya mtu mmoja. Na tulipolala, tuliona kilichotokea: mwaka 2009 nchi yetu ilihesabiwa tembo kama 109,000; mwaka 2014 walihesabiwa kama 43,000. Katika miaka mitano walipotea zaidi ya nusu. Mkulima hakupata chochote katika mauaji yale. Pembe zilikwenda ng'ambo, fedha zilikwenda kwa mabwana wakubwa wa magendo, na kijana wa kijijini aliyebeba mzigo usiku alilipwa vijisenti, na yeye ndiye aliyefungwa.

Tena dawa iliyotumika ilikuwa chungu kuliko ugonjwa. Oparesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 ili kuwasaka majangili, na mwezi uliofuata ikasimamishwa kwa sababu ya malalamiko ya watu kupigwa, kuteswa na kuuawa. Bunge lilichunguza, na Desemba 2013 mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Nalitaja jambo hilo kwa sababu moja tu. Hifadhi yoyote inahitaji macho na masikio, na macho na masikio ni wanakijiji. Jangili hapiti porini bila mtu kumwona. Mwanakijiji ambaye tembo amemla mahindi, serikali ikamfuta jasho kwa leso tupu, kisha askari wakamvunjia mlango, huyo atamwona jangili na atageuza uso.

Tulijaribu kurekebisha. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 na kanuni za mwaka 2002 zilianzisha hifadhi za jamii: kijiji kitenge ardhi yake kwa wanyama, watu waunde jumuiya, jumuiya ifunge mikataba na wawindaji au wenye kambi za watalii, nayo ipate sehemu ya mapato. Kwa mbali inafanana na kile chama cha wakulima wa Ujerumani. Lakini ukiisogelea utaona tofauti. Kule chama kinamiliki haki ya kuwinda na kinaikodisha. Huku wanyama ni wa serikali, na jumuiya hupewa mgawo baada ya wengine kukata mafungu yao. Kule mwindaji akiharibiwa jina kwa mkulima, mkataba wake ukiisha hakodishwi tena. Huku mkulima aliyeliwa shamba hana la kumwambia mwenye kitalu. Wala hajui jina lake, humwona tu anapita na vumbi la gari.

Na fedha za kijiji zikifika, hugeuka darasa au zahanati. Ni vema, hakuna anayekataa darasa. Lakini fikiri: kijiji kina nyumba mia tano. Nyumba ishirini ziko upande wa pori, nazo ndizo zinazokesha madunguni. Darasa ni la wote mia tano. Hasara ni ya ishirini. Ukiwaita mkutanoni ukawaambia kwamba wanyama wameleta maendeleo, wale mia nne na themanini watapiga makofi.

Juu ya wanyama wadogo nitasema kwa ufupi, ingawa pengine wao ndio wanaokula zaidi. Nguruwe na nyani hawapigwi picha na watalii. Sijapata kumwona mkulima aliyejisumbua kuandika madai kwa ajili yao. Hupiga kelele, huweka mbwa, hunyamaza. Hapa ndipo sheria za kuwinda zingeweza kuwa rafiki wa jembe. Mwaka 2020 zilitoka kanuni za kuuza nyamapori katika mabucha, na wenyeji kupewa vibali vya kuwinda si jambo geni katika sheria zetu. Basi vibali vya wenyeji vitolewe kwanza pale ambapo mashamba yanalia, kwa wanyama wale wanaozaana sana, na vitolewe kijijini kwa bei ya mwanakijiji. Mtu akilazimika kusafiri siku mbili na kulipa nauli mara nne ili apate kibali cha kupiga mnyama mmoja, usishangae akitega waya. Na waya hauchagui: humnasa nguruwe leo, kesho humkata mguu twiga.

Sasa niseme na sisi wakulima wenyewe, maana gazeti likimsifu msomaji wake kila juma halimsaidii. Tunalima mahali ambapo tunajua ni njia ya tembo. Sheria ya mwaka 2009 inakataza kulima ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi bila ruhusa. Na bado tunaona mashamba yamegusana na mawe ya mpaka. Wenyeviti wengine wa vijiji huuza ardhi ya shoroba kwa wageni kwa fedha ya haraka, na mwaka wa pili kijiji kizima huandamana kwamba tembo wamevamia. Nani amemvamia mwenzake? Tembo hupita njia aliyofundishwa na nyanya yake. Ukijenga nyumba katikati ya barabara kuu, huwezi kumlaumu dereva peke yake. Ujirani wa Udzungwa na Bonde la Kilombero ni mfano wake: mashamba ya miwa na mpunga yalijaa kati ya milima na pori la mashariki mpaka njia za wanyama zikawa nyembamba kama uzi, na vijiji vilivyokubali kuacha ukanda wa ardhi ili tembo wapite vimefanya jambo la kiume. Vijiji hivyo vimetoa ardhi, na ardhi ni uhai. Havistahili kupewa cheti na kupigiwa makofi tu. Vistahili kodi ya kila mwaka, kama mtu anavyolipwa kodi kwa nyumba yake.

Tena zipo mbinu ambazo si ghali sana. Kamba ya katani iliyopakwa oili chafu na pilipili kichaa, ikazungushwa shambani. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa waya, hata tembo akigusa nyuki hutoka. Jirani zetu wa Kenya wameijaribu kando ya Tsavo, na tembo huwaogopa nyuki kweli, tena mwenye shamba hupata asali. Ufuta na pilipili hupandwa upande wa pori kwa kuwa tembo hawavipendi kama mahindi. Hakuna mbinu ambayo tembo hawezi kuizoea, ila mtu mwenye mbinu tatu hulala zaidi ya mwenye debe moja. Lakini waya, mizinga na oili hununuliwa, na mkulima aliyekwisha liwa hana cha kununulia.

Nimetaja Kenya, basi niseme na jambo jingine juu yao, maana wako watu wanaodhani kupiga marufuku uwindaji ndiyo dawa. Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hakuna kitalu, hakuna mwindaji tajiri. Ugomvi wa mkulima na tembo uko palepale. Mwaka 2013 walitunga sheria mpya iliyosema anayeuawa na mnyama familia yake ilipwe shilingi 5,000,000 za kwao. Ni fedha nyingi, na iliitwa fidia kwa jina lake. Lakini madai yalirundikana na watu wakangoja miaka. Tujifunze hapo. Kiwango kikubwa kisicholipwa hakimsaidii mkulima kuliko kiwango kidogo kinachocheleweshwa.

Kwa hiyo tunachokidai si kigumu kueleweka. Neno hisani liondoke katika kanuni, liandikwe neno fidia. Sehemu maalum ya ada za vitalu, na ya viingilio vya hifadhi pia, itengwe kabla fedha haijaingia katika mfuko mkuu, iwe ya kulipa mazao tu. Nataja viingilio kwa sababu mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako hakuna kuwinda. Mtalii mwenye kamera naye amefaidi tembo yuleyule, naye achangie. Wapimaji wawe watatu wa kijijini, mmoja wao bwana shamba, wapime ndani ya siku saba wakati nyayo bado mbichi, na karatasi yao iwe na nguvu. Malipo yafike kabla ya mvua za kupandia, kwa maana fedha inayokuja baada ya mvua hainunui mbegu. Wenye vitalu wanapopewa hesabu ya wanyama wa kuwinda, taarifa za mashamba ya jirani ziwe mezani, na mjumbe wa wakulima awe amekaa kwenye kiti, si mlangoni. Na kijiji kinachouza ardhi ya shoroba kikose fidia, tena mwenyekiti wake ashitakiwe.

Wataalamu watasema mkulima atadanganya, ataonyesha shamba la ndugu yake, atasema tembo pale ambapo ameshindwa kupalilia. Wako watakaofanya hivyo. Lakini hatujasikia kwamba kodi za nchi zimefutwa kwa sababu wafanyabiashara wengine hudanganya hesabu. Hukaguliwa. Na wale watatu wa kijijini wanajua vizuri kuliko mtu yeyote nani alipalilia na nani hakupalilia.

Juma lililopita mjomba ameleta salamu kwa kijana wa lori. Mwaka huu amepanda ufuta upande wote wa pori, na mahindi ameyasogeza karibu na nyumba. Dungu amelijenga upya, refu kuliko la kwanza. Ameomba nimpelekee debe, lakini amesisitiza lisiwe la plastiki.